Nyumba ya Kwanza Baada ya Kilima

Mwanaume wa umri wangu akivaa bukta ya kubana yenye kijigodoro makalioni, ana mawili tu ya kumwomba Mungu: asikutane na mchungaji wake, na asikutane na mama mkwe wake. Mchungaji nilikutana naye Jumamosi ya kwanza kabisa, hapa hapa Mkuza, Kibaha, akinunua mkate. Akanitazama kuanzia helmeti mpaka viatu, akasema, "Bwana asifiwe." Niliitikia amina nikiwa nimeshampita. Mama mkwe alichukua muda kidogo.

Mimi ni mtu wa ofisi. Natokea bara, kwenye milima yenye baridi, nikaletwa huku na kazi, nikaoa huku, nikajenga huku. Wiki nzima nakwenda Dar na kurudi, na tumbo lilipoanza kunitangulia mlangoni, daktari akaniambia nichague: mazoezi au vidonge. Nikanunua baiskeli ya mtumba, zile ambazo usukani wake umejikunja kama pembe za kondoo dume na matairi yake yana meno madogo, zilizotengenezwa kwa ajili ya barabara za changarawe. Fundi aliyeniuzia alinieleza kwamba Ulaya watu wanasafiri mbali kabisa ili wapate barabara mbovu za kuendeshea. Nikamwambia wangekuja Kibaha, tungewapa bure.

Nikajiunga na kikundi cha watu wa Mkuza na Misugusugu. Tulikuwa wachache, tumbo kwa tumbo, na kila Jumamosi alfajiri tulikutana kando ya lami. Mkubwa wetu alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye hakuwa na miguu ya kutisha hata kidogo, ila alikuwa na njia. Jioni alikaa na picha za satelaiti kwenye simu, akachora mstari kutoka kijiji hadi kijiji, akatutumia, nasi tukaufuata kama kondoo. Mcheshi wetu alikuwa jamaa mwenye duka la vipuri. Huyu alipiga picha kila kitu, ng'ombe, daraja, pancha, na kabla hatujamaliza kuziba tairi picha ilishakuwa kwenye kundi letu la simu ikiwa na maneno ya kuchekesha.

Njia aliyoichora mwalimu msimu ule, mpaka leo sijaona nzuri kuliko hiyo. Tuliiacha lami Misugusugu tukashuka kuelekea Soga, vumbi jekundu, viwanja vyenye vigingi na nyumba zilizofika usawa wa madirisha zikasubiri. Karibu na Soga tulipita chini ya reli mpya kwenye kivuko cha zege, na mara nyingine treni ilipita juu yetu bila hata kutikisa vumbi letu, watu wamekaa kwenye baridi ya kiyoyozi, sisi chini tunahema. Baada ya hapo barabara inakuwa nyembamba. Mihogo, mikorosho, mihogo tena. Mahali pengine mchanga unashika tairi mpaka unashuka na kusukuma, na hapo ndipo tulipopishana na wabeba mkaa, baiskeli zao zina magunia makubwa kuliko wao, nao walitusalimu kwa adabu huku wakijiuliza, nina hakika, tumebeba nini sisi. Kisha vinaanza vilima vya Kisarawe. Udongo wa mfinyanzi, kijani kibichi, na upepo unaokupiga usoni una chumvi kwa mbali. Kilima cha mwisho ni kirefu na kina roho mbaya. Ukifika juu, siku isiyo na ukungu, unaona mstari mwembamba wa bahari nyuma ya jiji, na unasahau kwamba dakika iliyopita ulitaka kutapika.

Jumamosi ya kwanza kwenye njia ile nilifika juu wa mwisho. Wenzangu walikuwa wamesimama, chupa zao tupu, na jamaa wa vipuri alikuwa ameshafika kwenye nyumba ya kwanza baada ya kilima akipiga hodi aombe maji. Nikauona mfenesi. Kisha nikaliona kanisa dogo la Kilutheri lenye bati la bluu. Nikauona ukuta uliopakwa chokaa mpaka nusu, nami ndiye niliyeileta ile chokaa, Krismasi.

Kwa wakwe zangu huwa naenda kwa gari, napitia Kisarawe mjini, nafika kwa upande wa pili. Sikujua kwamba kuna mlango wa nyuma wa kufikia ukweni, na kwamba nimeupanda kwa baiskeli.

Ni lazima nieleze jambo hili, maana bila hilo nitaonekana mwendawazimu. Kwetu bara tunamheshimu mama mkwe, lakini huku pwani heshima ile ni kitu kingine. Mkwe haji ghafla. Haji mikono mitupu. Akija, anakuja amevaa, na akifika haondoki mpaka ale. Tangu nioe sijawahi kula na mama mkwe wangu chumba kimoja: chakula changu huwekwa sebuleni, yeye hubaki uani, na tunajuliana hali kupitia mlangoni, kila mtu akitazama pembeni. Tumependana hivyo miaka yote, bila kutazamana. Sasa fikiria mimi huyo huyo, jasho linachuruzika, mikono mitupu, na bukta ambayo mke wangu alinikataza kuivaa sebuleni watoto wakiwepo.

Akatoka. Kanga kiunoni, ndoo mkononi, anacheka na jamaa wa vipuri kama anamjua. "Karibuni, wanangu. Poleni na kilima."

Nikashuka, nikaigeuza baiskeli magurudumu juu, nikajifanya mnyororo umetoka. Nilikuwa nimevaa helmeti na miwani mikubwa ya kijani. Nikainama pale mpaka wote wakamaliza kunywa, na mwalimu aliponiuliza kama nataka msaada nikatikisa kichwa. Wakaaga, "Asante, mama," nami nikaondoka nyuma yao bila kufungua mdomo, koo limekauka.

Naomba niamini: siku ile ilikuwa haya. Uso umeumbwa na haya, na mimi nilikuwa na haya mpaka kwenye visigino. Niliona kwamba kusimama mbele ya mama wa watu nikiwa vile ni kumvunjia heshima zaidi kuliko kupita. Nikajiahidi kwamba nitawaambia wenzangu wiki ijayo, na nitamwomba mwalimu abadilishe njia.

Wiki iliyofuata nilikuta wameshaamua. Njia ile imependwa, haibadilishwi. Na pale kando ya lami, watu wanakaza viatu, nilitaka kusema. Ningeanzaje? Yule mama mliyemwomba maji, niliyempita nikiwa nimeinamia mnyororo, ni mama wa mke wangu. Wangeuliza swali moja tu: mbona hukumsalimu? Nikanyamaza. Jumamosi ya kwanza ilikuwa haya, ya pili ikawa woga, na kuanzia ya tatu ukawa uongo wa kawaida, wenye afya njema kabisa, unaoamka alfajiri pamoja nami.

Mama akatuzoea. Tukipanda kilima tulikuta ameshatoa meza ndogo barabarani, ndoo yenye mfuniko, vikombe vya bati vimeinamishwa kwenye sinia. Baadaye ikaongezeka mihogo ya kuchemsha. Baadaye nanasi, limekatwa, limefunikwa kawa ili nzi wasiguse. Jamaa wa vipuri akampa jina, Mama Maji. Akampiga picha za video. "Mama, wasalimie mashabiki zako wa Kibaha!" Naye, hajui mashabiki ni kina nani, anapunga mkono na kusema hamjambo. Jioni video ikafika kwenye kundi, watu wakacheka, wakaandika Mama Maji oyee. Mimi nami niliweka dole gumba. Niliweka dole gumba, nikazima simu, nikaenda mezani kula chakula kilichopikwa na binti yake.

Kila Jumamosi nilikuwa na shughuli. Mnyororo, breki, upepo wa tairi, kokoto kwenye kiatu. Hakuna baiskeli iliyotengenezwa sana Mkoa wa Pwani kama yangu. Mwalimu aliniletea kikombe pale nilipoinama, nikanywa nimewapa mgongo. Ni maji ya mtungi, yana harufu ya moshi wa ubani kidogo, ninayoyajua tangu siku nilipokwenda kuposa.

Siku moja mwalimu akamuuliza, "Mama, watoto wako wako wapi?"

"Binti yangu ameolewa Kibaha huko huko kwenu," akasema.

Nikazidi kuinamia pedeli.

"Kumbe sisi majirani! Na mkwe je, anakuja kukuona?"

"Mkwe wangu mtu mzuri sana," akasema, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ana kazi nyingi, baba. Kazi za ofisi. Hapati nafasi. Lakini akipata, anakuja."

"Mwambie aje tumfundishe baiskeli!" akapayuka jamaa wa vipuri, na wote wakacheka, mama akacheka nao.

Nitasema nilichohisi, ingawa kinaniumiza kukiandika: nilifurahi. Moyo ulitulia kama mtoto aliyepewa titi. Nilijiambia, hanijui. Macho yake hayaoni mbali, helmeti imenificha, kwake mimi ni mmoja wa wale wendawazimu wenye miwani. Siku ile nilishuka kuelekea Kisarawe mjini nikipiga mluzi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu mwalimu alikuwa ameichora ndefu, na nilifika mwisho wake wiki chache baadaye. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ule udongo wa mfinyanzi ukawa sabuni. Nilikuwa nimemaliza kilima mapema kuliko kawaida yangu, nikataka kupita haraka nikasubiri mbele, mbali na meza. Tairi la mbele likateleza pale pale kwenye kona ya mfenesi. Nikaanguka kwa goti na kiwiko. Nikainuka upesi kuliko nilivyoanguka, nikapanda, nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia sauti ya mwanamke ikisema, "Yelewi!" Sikugeuka.

Nyumbani nilimwambia mke wangu nimeanguka njia ya Soga. Haukuwa uongo. Soga iko kwenye njia hiyo.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakula. Mke wangu akarudi kutoka kuongea na simu, akakaa, akachukua kijiko, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mama anakusalimu. Anasema goti usiliache wazi, vumbi la barabarani lina pepopunda. Uende ukachomwe sindano."

"Umemwambia nimeanguka?"

"Mimi? Nilidhani wewe ndiye uliyempigia."

Tukatazamana. Watoto wakaendelea kula.

Nikaweka kijiko chini. Nilikuwa namwona pale barabarani akisema mkwe wangu mtu mzuri sana, ana kazi nyingi, hapati nafasi, na mimi hatua chache tu kutoka kwake nimeinamia pedeli. Hakuwa anamjibu mwalimu. Alikuwa ananifunika. Ile mihogo haikuwa ya wendawazimu wenye miwani. Wale walikula tu kwa sababu walikuja na mimi. Mkwe akifika haondoki bila kula, na yeye, kwa kuwa mkwe wake aliona haya kuingia ndani, alitoa meza akaileta barabarani.

Nilimweleza mke wangu yote, watoto walipotoka. Nilitarajia kelele. Hakupiga kelele. Alikusanya sahani, akazipeleka, akarudi.

"Kwa hiyo mama yangu ni mtu wa kupitwa," akasema.

"Nilikuwa nimevaa ile bukta."

"Si ungefunga hata msuli?"

Miezi yote ile nilikuwa nimejadiliana na nafsi yangu kuhusu mila, heshima, bara na pwani, na jibu lilikuwa kipande cha nguo kinachoingia kwenye mkoba wa baiskeli. Nikamwambia basi Jumapili ijayo twende pamoja, kwa gari, na mzigo, nimwombe radhi.

"Mimi siendi," akasema. "Ulimpita na baiskeli mbele ya watu. Kamsalimie na baiskeli mbele ya watu hao hao. Ukimfuata sebuleni utakuwa umemficha tena."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilinunua doti ya kitenge, sukari, majani ya chai, nikavifunga kwenye mkoba nyuma ya kiti, pamoja na msuli. Ijumaa nilitamani mvua. Haikunyesha.

Nilipanda kilima kile wa kwanza, kwa mara ya kwanza maishani. Sikupanda kwa nguvu, nilipanda kwa hofu. Kabla ya kona nikashuka, nikafunga msuli juu ya bukta, nikavua helmeti na miwani. Nikawasubiri wenzangu. Mwalimu akaniangalia, akadhani naharisha. Nikasukuma baiskeli mpaka mezani, nao nyuma yangu.

Mama alikuwa anapanga vikombe. Majirani wawili, wanawake wa rika lake, walikuwa wamekaa kwenye baraza yake wakimenya mihogo, maana siku hizo ujio wetu ulishakuwa tamasha. Nikachuchumaa pale kwenye vumbi, nikainamisha macho kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nikageukia wenzangu bila kuinuka. Nikawaambia, "Huyu ni mama mkwe wangu. Ni mama mzazi wa mke wangu. Nilikuwa naye hapa kila Jumamosi, na sikumsalimu." Mkataa kwao mtumwa, wanasema, na nilijiona hivyo, nimechuchumaa na msuli wa dukani wenye mikunjo ya kiwandani.

Hakuna aliyecheka. Jamaa wa vipuri alikuwa ameshatoa simu, kama kawaida yake, akairudisha mfukoni taratibu. Akavua helmeti. Mmoja wa wale wanawake barazani akauliza kwa sauti iliyosikika na wote, "Ndiye huyu? Alikuwa akipita siku zote hizi?"

Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kinamngoja mama. Sisi tungerudi Kibaha. Yeye angebaki na swali lile kisimani, kanisani, kwenye kila msiba: kwamba mkwe wake, msomi, mtu wa ofisi, alimpita kama kisiki.

Mama akapiga makofi mara moja, akacheka. Ni kicheko nilichokuwa nimekisikia wiki zote zile nikiwa nimempa mgongo.

"Jamani uzee!" akasema, akiwageukia wale wanawake barazani. "Mimi nyie mnanijua macho yangu. Watu wote wamevaa makofia na miwani, ningemjua vipi? Mtoto wa watu kumbe kaja, kasimama hapa, mimi nampita na kikombe nawapa wengine. Atakuwa aliona nimemchunia, akaona haya." Kisha akapiga magoti. Mama yule, mwenye miguu inayomuuma, akapiga goti moja kwenye vumbi, upande wake wa meza, akatazama pembeni kama tunavyotazamana siku zote. "Nisamehe, baba. Sikukutambua. Kosa langu."

Goti langu lenye kidonda lilikuwa limegusa ardhi, plasta inaonekana chini ya msuli. Aliliona. Najua aliliona, maana macho yake yalitua pale, yakatulia kidogo, yakaondoka.

Nilikuwa nimekuja kusema ukweli mbele ya watu, na ukweli ulikuwa umebaki kidogo tu. Ilikuwa niseme, hapana mama, ulinijua, na mimi nilijua unanijua. Lakini wale wanawake walikuwa wameacha visu hewani wakisubiri, na yeye alikuwa amepiga goti, na nyuso zote zilinielekea mimi.

"Hamna neno, mama," nikasema. "Yamekwisha."

Wanawake barazani wakapiga vigelegele. Wenzangu wakapiga makofi. Nilikuwa nimemsamehe mbele ya watu wote, naye akanishukuru, akainuka kwa kushika meza, akanimiminia maji.